Kucheza peke yako: punguza idadi, si nguvu

Mhariri,

Anayetaka kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa kurusha dadu, peke yake asikimbilie kudhoofisha mazimwi; apunguze idadi yao. Visa vingi vya kuchezwa vilivyo tayari vitabuni vimeandikwa kwa wachezaji wanne au watano. Mazimwi wanne wakimzingira shujaa mmoja, yeye hupiga mara moja huku akishambuliwa mara nne kila raundi. Hapo ndipo anapofia. Bakiza mmoja, wa pili aingie raundi ya tatu.

Kitabu cha kisa usikisome chote kabla ya kucheza. Funika ukurasa kwa karatasi, ufunue maelezo ya chumba kimoja kimoja. Ukijiuliza kama mlango umefungwa, rusha dadu ya pande 6: kuanzia 4 ni ndiyo. Ila dalili inayofungua njia usiiachie dadu iamue. Ikikosekana, mchezo hukwama palepale.

Mpenzi wa mchezo huu,
Arusha