Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mafaili Yetu Yafunguliwe

Wanachama wenzangu, wazee wetu mliopitia vizuizini, kina mama mnaongoja habari za wana wenu mpaka leo, na vijana mliojiunga nasi mwaka huu, assalaam alaykum na salamu kwenu nyote.

Hesabu za chama zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma baada yangu, kwa hivyo za fedha sizigusii. Muda wangu nataka niutumie kwa jambo lililoichukua kamati kuliko mengine yote, nalo ni mafaili.

Mapema mwaka huu tulipeleka maombi ya maandishi kwa ofisi ya umma inayohusika, kwa niaba ya wanachama walioridhia, tukitaka kuona kumbukumbu walizoandikiwa na Special Branch, kitengo cha polisi cha upelelezi wa kisiasa, miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini. Hatukuomba hisani ya mtu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21, na inachukulia kwamba habari iliyohifadhiwa zaidi ya miaka 30 si ya kufichwa tena, ila ithibitishwe vinginevyo. Faili la aliyekamatwa 1986 katika msako wa Mwakenya, harakati ya siri iliyoipinga serikali ya Moi, limeshapita umri huo zamani. Siku 21 zikaisha kimya. Tulipokumbusha, tukaletewa mistari michache kwamba hilo ni suala la usalama wa taifa. Sasa tumelipeleka kwa Ombudsman, mpokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma, ambaye sheria imempa mamlaka ya kuupitia uamuzi kama huo.

Vijana mmeniuliza: karatasi kuukuu za nini, na watu wanatekwa leo? Mna haki ya kuuliza, na mimi nina deni la kuwajibu vizuri.

Wale walioshushwa kwenye seli za chini za Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi, wakafungiwa katika maji, wakanyimwa chakula na kupigwa mpaka wakubali mashtaka ya uchochezi mbele ya hakimu bila wakili, hawakuokotwa njiani. Kabla ya kipigo palikuwa na daftari. Kuna aliyehudhuria mhadhara chuoni akaandika nani aliuliza swali gani. Kuna aliyefungua barua za watu. Kuna aliyeorodhesha waliomtembelea mwalimu fulani nyumbani kwake. Serikali ya NARC, muungano uliompokea Moi madaraka, iliwafungulia wananchi milango ya seli zile Februari 2003, na Julai 2010 Mahakama Kuu ikaamuru manusura 21 walipwe fidia. Tuliwapongeza, na walistahili. Lakini hukumu haikumwambia yeyote kati yao ni jirani yupi aliyepeleka jina lake, wala ni afisa gani aliyetia sahihi. Hilo liko kwenye faili.

Na faili lina nguvu mahakamani. Wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza kule London, ndipo mwaka 2011 ikafichuka kwamba maelfu ya nyaraka za kikoloni zilizoondolewa makoloni yakipata uhuru zilikuwa zimefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza. Miaka miwili baadaye Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Ushahidi wa vikongwe wale ulikuwa wa kweli tangu siku ya kwanza, lakini karatasi za mtesaji mwenyewe ndizo zilizomfunga mdomo. Kama ni hivyo kwa Mwingereza, kwa nini isiwe hivyo kwa serikali yetu wenyewe?

Sisi wa Pwani hatukufundishwa haya na Nairobi. Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa, alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972, akiwekwa peke yake, kwa waraka uliouliza «Kenya: Twendapi?». Kuanzia 2012 vijana wetu wakaanza kuchukuliwa majumbani na misikitini kwa jina la kupambana na ugaidi. Mwaka 2016 HAKI Africa, shirika la haki za binadamu la hapa Pwani, lilichapisha visa 81 vya waliouawa au kupotezwa. Walioandika orodha kama hizo nao waliandamwa. Aprili 2015 HAKI Africa na mwenzake MUHURI ziliwekwa kwenye orodha ya washukiwa wa ugaidi, akaunti zao zikafungwa, na ilibidi mahakama hapa Mombasa iamuru zifunguliwe Novemba. Nchi ilikuwa ikitazama pembeni. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu baadhi ya waliotuambia wakati ule kwamba «hawachukuliwi bure» leo wanatafuta watoto wao wenyewe.

Baada ya maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 vya utekaji kufikia mwisho wa mwaka huo. Juni mwaka huu mwalimu Albert Ojwang' alikamatwa Homa Bay kwa maneno ya mtandaoni, akasafirishwa hadi Nairobi, na kesho yake akafia mikononi mwa polisi. Tuliambiwa amejigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha alipigwa na kukabwa shingo.

Oktoba 15 tulimpoteza Raila Odinga, aliyezuiliwa mara tatu kati ya 1982 na 1991. Siku hiyohiyo Rais alitia sahihi marekebisho ya sheria ya makosa ya mitandao. Mahakama Kuu imesimamisha sehemu yake, na kamati inaifuatilia kesi hiyo kwa karibu.

Daftari la leo ni simu. Watengenezaji filamu waliokamatwa Nairobi mwezi Mei walirudishiwa vifaa vyao baada ya wiki kadhaa. Watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, wakagundua kwamba programu ya upelelezi iitwayo FlexiSPY iliwekwa ndani wakati vifaa viko mikononi mwa polisi. Programu ya namna hiyo husoma ujumbe, hufuata mwendo wa mtu, hata husikiliza mazungumzo yake. Kwa hivyo nasisitiza: mwanachama yeyote aliyenyang'anywa simu akarudishiwa, asiiwashe na asiweke laini yake humo. Ailete kwa katibu. Kijana wetu mmoja aliyeshikwa baada ya maandamano alifanya hivyo hasa, na nampongeza mbele yenu.

Kamati ya kina mama ndiyo iliyofanya kazi nzito kuliko sote. Wanaandika kila tukio usiku uleule: saa, mahali, rangi ya gari, waliovaa nini, nani alishuhudia. Bi mkubwa wa kamati aliniambia wamejifunza kwa kina mama wa 1992, waliokaa Uhuru Park kudai wafungwa wa kisiasa, wakapigwa marungu na baadhi yao wakavua nguo mbele ya askari, kisha wakahamia kanisa kuu la All Saints na kuendelea. Wana wao wengi waliachiliwa mwaka uliofuata. Kumbukumbu za kina mama wetu zimeshatumiwa na mawakili kudai aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, kama Katiba inavyotaka.

Mwaka ujao kamati inapendekeza mambo haya, nanyi mtayapigia kura leo. Ombudsman akikataa, twende Mahakama Kuu kudai mafaili, na mchango maalumu uanze Februari. Wazee wote warekodiwe sauti zao kabla hatujawapoteza wengine. Wawili walitutoka mwaka huu bila kurekodiwa. Na kila mwenye hati ya kizuizini, barua ya gerezani au karatasi ya kuachiliwa alete nakala kwa katibu, abaki na ya asili, na nyingine aiweke kwa mtu amwaminiye asiyeishi naye nyumba moja.

Mwenyekiti