Malalamiko kuhusu matengenezo ya injini inayovuja oili

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: PIKIPIKI TRIUMPH BONNEVILLE T120 YA MWAKA 1968

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niliwaletea pikipiki hii mtafute inapovuja oili na kuizuia. Nilirudishiwa inang'aa, pamoja na ankara iliyosema sili zote (mipira ya kuzuia oili isivuje) zimebadilishwa na tatizo limekwisha. Sikufika nayo mbali kabla kiatu changu cha kushoto hakijaloa. Nilipoirudisha, fundi wenu aliongeza silikoni nyekundu, ile gundi ya kuzibia, juu ya ile aliyoipaka mara ya kwanza, na karani akanitania kwamba pikipiki ya Muingereza isipodondosha oili chini, basi ujue ndani haina. Utani huo naufahamu. Ila mimi nilikuwa nimelipia kazi.

Nikampelekea fundi mwingine. Huyo aliiosha injini kwa mafuta ya taa, akaikausha, akainyunyizia poda ya watoto kila kiungo, ndipo akaiwasha na kuchuchumaa kutazama. Oili ikijitokeza, poda hulowa pale pale inapoanzia. Hilo ndilo mlilotakiwa kulifanya kwanza, kwa sababu oili hushuka, kisha upepo wa safari huisukuma nyuma, na sehemu iliyolowa mara nyingi siyo inayovuja. Ninyi mlipaka silikoni chini ya silinda. Poda ililowa juu, kwenye sili ya mrija wa mbele wa pushirodi (fito zinazosukuma valvu), pale mrija unapokutana na kichwa cha silinda. Sili mliyoweka ni nyembamba mno, haiminywi na chochote. (Ingekuwa nene kupita kiasi, kichwa kingeikalia yenyewe badala ya gasketi, yaani kizibo cha kati ya kichwa na silinda, kwa hiyo hapo hupimwa, hapakisiwi.)

Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni bolti tuliyoikuta imepachikwa kwenye mpira wa kupumulia wa injini, ikabanwa na klipu. Bila shaka fundi wenu aliona oili ikitoka hapo, akaona dawa ni kuziba. Injini hii ina pistoni mbili zinazoshuka kwa pamoja, na kila zinaposhuka hewa iliyo chini yake lazima ipate njia. Mkiiziba, inatafuta njia nyingine na kusukuma oili kwenye kila gasketi. Maana yake mliniongezea mivujo, kisha mkanitoza fedha.

Na oili ya kwenye mpira ule ilikuwa na sababu yake. Triumph hii huweka oili kwenye tangi la pembeni. Ikisimama muda mrefu, oili hupenya kwenye kigololi cha valvu ya pampu na kujaa chini ya krenki, shafti inayozungushwa na pistoni. Siku ya kuwashwa, hutemwa nje. Kigololi na kikalio chake vilihitaji kusafishwa tu. Hakuna aliyevigusa.

Silikoni yenu, kwa upande wake, ilikuwa imeminyika hadi ndani. Vipande vyake tumevikuta kwenye chujio la sampu, chini kabisa ya injini. Kipande kama hicho kikiingia kwenye njia ya oili, krenki inaungua. Nati za boksi za roka, zile za juu ya kichwa cha silinda, nazo zimeliwa pembe kwa kulazimishiwa spana za milimita. Hizi ni nati za inchi, na spana zake zinapatikana.

Sidai injini ya 1968 iwe kavu kama sahani. Nadai yafuatayo: mnirudishie gharama yote ya ufundi, mlipie sili za kipimo sahihi, nati mpya na kazi ya kufungua injini kusafisha njia za oili, na mnieleze kwa maandishi nani aliidhinisha mpira ule uzibwe. Pikipiki hairudi kwenu, itatengenezwa na fundi aliyeyagundua haya.

Nimeambatisha nakala ya ankara, picha za bolti ikiwa mahali pake na za vipande vya silikoni. Bolti yenyewe ninayo. Nisipopata jibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mteja, mwenye Triumph T120