Dumu la petroli kwa ajili ya wazazi wa Siyu

Mhariri,

Barua nyingi zinazohusu afya katika visiwa vya Lamu hulalamikia uhaba wa madaktari, nami sizipingi. Lakini usiku tuliompeleka wifi yangu kujifungua, kilichotuchelewesha hakikuwa daktari. Kilikuwa petroli, na maji kupwa.

Mwezi ulikuwa wa siku kumi na tano, bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Mtu wa Siyu, huku Kisiwa cha Pate, hahitaji kuelezwa: ikifika saa nne usiku hori letu, ule mkono wa bahari tunaopitia, limekauka, boti zimelala ubavu juu ya tope, na hatoki mtu mpaka maji yarudi. Uchungu ulimshika baada ya Isha. Mkunga alimpima, akanyamaza kidogo, kisha akasema huyu afikishwe Lamu usiku huu huu. Boti ya wagonjwa tuliyoipigia simu ilikuwa imekwenda kwengine. Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia, polepole kwa yale mashimo hadi Mtangawanda, ambako gatini hakukauki.

Boti ilikuwepo. Nahodha aliamka bila kinyongo. Tangi lilikuwa tupu. Vijana wakazunguka wakigonga milango. Huyu akatoa chupa mbili, yule akafyonza ya pikipiki yake kwa mpira, na wifi yangu amelala gatini juu ya leso yangu, amenibana mkono hadi kucha zikaingia. Tuliondoka karibu saa nane. Mama yu hai, alhamdulillahi. Mtoto hakulia.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba tuliyoyakosa usiku ule yote tulikuwa na uwezo nayo. Bamvua haiji kwa kushtukiza. Huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na watoto wetu wanaoanza kuvua wanaijua. Mkunga anajua nani ametimiza mwezi wa tisa. Basi kwa nini mkunga na nahodha wasikae pamoja kila mwezi, wakatazama ni mzazi yupi siku zake zinaangukia bamvua, au maji mafu yasiyolijaza hori vizuri, ili ahamie mapema kwa jamaa zake Lamu? Hilo halina gharama ila nauli.

Petroli nayo tunaiweza. Harusi tunachanga, Maulidi tunachanga, na msiba ukitokea sanda hupatikana kabla jua halijapanda. Chama chetu cha kina mama kimeanza kutoa shilingi 50 kila nyumba kwa wiki, ya petroli ya wagonjwa tu. Dumu mbili za lita 20 zinawekwa kwa nahodha, zimefungwa kwa kufuli, na kila lita inayotoka inaandikwa daftarini. Wenye boti wamekubali kulala zamu, mmoja Siyu na mmoja Mtangawanda, na namba zao zimebandikwa kwenye mlango wa zahanati na kwenye msikiti.

Jambo jingine ni usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Wengi wetu hukumbuka kujisajili mgonjwa akiwa tayari mlangoni mwa hospitali, kitambulisho kimeachwa nyumbani, mtandao umekwama. Wahudumu wa afya ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba. Tuwape vitambulisho siku tukiwa wazima.

Asinielewe mtu kwamba naisamehe serikali. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na mzazi anayesubiri maji yajae amenyimwa. Hori lichimbwe, na boti ya wagonjwa ilale Pate, isingoje kuitwa kutoka mbali. Tutaendelea kulidai hilo katika kila kikao cha bajeti ya kaunti. Ila mtoto hangoji bajeti, na ndiyo maana nawaandikia pia wenzetu wa Kizingitini, Ndau na Kiwayu: kama mna mpango wenu unaofanya kazi, tuambieni mnavyouendesha, hasa namna ya kutunza hesabu pesa isije ikazua maneno.

Kwa sasa dumu la kwanza limejaa. Zamu za Mtangawanda zimebaki na pengo usiku wa Jumatano na wa Alhamisi. Nahodha yeyote mwenye boti ya mashine aliye tayari kuzishika, amwone mkunga wa Siyu.

Mweka hazina wa chama cha kina mama,
Siyu, Kisiwa cha Pate, Lamu