Kabula, jiko lilale nje

Buhongwa, Mwanza
Jumapili jioni

Mwanangu Kabula,

Marahaba. Salamu zako za asubuhi nilizipokea nikiwa njiani kwenda kanisani, na picha ya supu nikaifungua baada ya ibada. Mama yako akaninyang'anya simu akawaonyesha akina mama wote waliokuwa kwenye foleni ya kusalimiana, kila mmoja akaikuza na kuisifu. Nami nasifu. Sikutegemea kuona siku ambayo wewe, kwa mkono wako, unapika supu ya viazi ya maziwa, tena na majani mabichi juu yake.

Nilipofika nyumbani nikaikuza mwenyewe.

Nyuma ya sufuria kuna mguu wa kitanda. Juu ya kitanda kuna dirisha, na dirisha umelizibia na lile blanketi la kijivu tulilokununulia siku ya safari. Sufuria imekaa juu ya jiko la mkaa, sakafuni, hatua moja kutoka unapolaza kichwa. Nimekupigia mara mbili tangu saa nane. Mara zote umeniambia, "Sawa baba, nimeelewa," kwa sauti ileile uliyokuwa unaitumia ukiambiwa ukalale. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Barua huwezi kuikatia ukasema mtandao unasumbua.

Jiko lilale nje. Ukishaepua chakula, litoke, hata kama mvua inanyesha, hata kama umebaki moto wa punje mbili. Kabla hujapanda kitandani liwe limeshatoka, na mlango ukae wazi kwanza hewa ibadilike.

Najua Makete kuna baridi. Nimeambiwa huko Kitulo mwezi wa sita na wa saba majani huamka na barafu, na wewe umezaliwa na kukulia kandokando ya ziwa, mtu wa kulala na shuka moja. Sikulaumu kwa kutafuta joto. Lakini wewe ni mwalimu wa kemia, Kabula. Leo mdogo wako Shija amenitolea daftari lako la kidato cha tatu kutoka lile sanduku la chini ya kitanda. Umeandika humo kwa wino wa bluu kwamba mkaa ukiungua mahali penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, nayo hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Umepiga mstari chini ya "haina harufu" mara mbili. Mwandiko ni wako. Nimekaa nalo mapajani muda mrefu.

Sasa supu, maana ni ya kwako na inastahili kusemwa vizuri.

Kwenye picha nimeona chembe nyeupe zinaelea. Maziwa yamekatika. Nahisi uliweka nyanya, au ulikamulia limau mapema, halafu ukamimina maziwa ya baridi kwenye supu inayotokota. Vyote viwili huyakata maziwa. Pale hotelini nilipopikia miaka 17 tulikuwa tunayapasha pembeni mpaka yawe vuguvugu, tunaepua sufuria, tunamimina kidogokidogo huku mtu anakoroga. Ikirudi motoni ni ya kupata joto tu, isichemke tena. Nyanya haina kazi humo. Ukitaka uchachu, limau kila mtu ajikamulie kwenye bakuli lake.

Krimu usiitafute dukani, utamaliza mshahara. Maziwa huko mnayo ya kutosha. Chemsha lita moja usiku, acha yapoe, asubuhi toa ule utando mzito wa juu. Hiyo ndiyo krimu yako. Vijiko vitatu vinatosha sufuria ya watu wanne.

Viazi mviringo unakaa navyo mlango kwa mlango. Sisi hapa Mwanza mtu akisema viazi peke yake anapewa vitamu, na hivyo vyenu vinatufikia kwa lumbesa, vimebonyea, bei imeshapanda njiani. Chagua vile vinavyovunjika unga vikiiva, ndivyo vinavyoipa supu uzito bila kutia unga wa ngano. Kilichogeuka kijani tupa. Sumu yake haiishi kwa kuchemshwa. Na usiviweke dirishani kwenye mwanga, viweke gizani, mbali na vitunguu.

Katakata vidogo, ukubwa wa kidole gumba. Huko juu milimani maji huchemka yakiwa na moto pungufu kuliko hapa kwetu, kwa hiyo viazi vinakawia kuiva. Nadhani ndiyo sababu unajaza mkaa mwingi, na ukimaliza kula unaona moto bado mzuri, unasikitika kuutoa. Vikatwe vidogo, mkaa uwe kidogo, usibaki wa kukusikitisha.

Anza na siagi kijiko kimoja na kitunguu maji kimoja kikubwa. Kilainike tu, kisipate rangi. Kitunguu saumu punje mbili, karoti ukipenda. Na vile vikonyo vya giligilani ambavyo nimeona umevitupa pembeni ya jiko, hivyo ndivyo vinavyoingia mapema, vikatwe vidogo sana, vinavumilia moto. Majani yenyewe yanaingia mwisho, sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Wewe umeyatia mwanzo, ndiyo maana yamekuwa meusi.

Ile malaria yako ya mwaka wa mvua nyingi, anayopenda kuisimulia shangazi yako, haikuwa malaria. Tulikuwa kwenye kile chumba kimoja cha Mabatini na nepi za Shija zilikuwa hazikauki. Mama yako alisema jiko litoke. Mimi nikasema makaa yameshakuwa majivu, acha yakaushie nepi. Usiku wa manane aliamka kukufunika, akaanguka, akauangukia mlango, mlango ukafunguka. Wewe ulitapika mpaka kunakucha. Zahanati wakauliza kama tulilala na jiko ndani, nikawahi kujibu hapana. Mama yako alikuwa amesimama pale, hakunipinga mbele za watu, na mpaka leo hajanipinga.

Baada ya kitunguu tia viazi, vigeuze kidogo vinywe siagi, halafu maji yavipite vidole viwili. Ukipata mifupa ya ng'ombe, chemsha kwanza utumie maji yake. Hotelini tulikuwa tunaipika hata na supu ya kichwa cha sangara, wageni wanaotoka Serengeti wakaipenda sana, ila mama yako hataki kabisa kusikia samaki na maziwa kwenye sufuria moja, kwa hiyo hapa nyumbani haijawahi kupikwa. Chumvi kidogo. Funika nusu. Kijiko kikikata kiazi bila kusukuma, imeiva.

Usitafute blenda. Blenda ikizidi kuzunguka, viazi vinakuwa kama gundi. Ponda kwa mwiko nusu ya sufuria, nusu nyingine iache na vipande, mtu atafune. Kisha epua, maziwa, utando wako, pilipili manga, majani. Giligilani na majani ya vitunguu vinatosha. Kama jirani ana ua wa rozmari, omba kijiti kimoja, kichemke pamoja na viazi ukitoe kabla ya kuponda. Kimoja, ukizidisha supu inanuka dawa.

Giligilani otesha mwenyewe. Zigawanye mbegu kwa kuzibana na chupa, ziloweke usiku mmoja, zitie kwenye kopo lililotobolewa chini. Liweke dirishani. Litataka mwanga na litataka maji, na wewe itabidi ulitoe blanketi hapo. Blanketi lirudi kitandani kwa kazi yake. Usiku ukitaka joto, chemsha maji ukiwa unapika, yatie kwenye chupa isiyovuja, ifunge kwa kanga, iweke miguuni. Mama yako ameniambia alifanya hivyo akiwa na mimba yako, kule kwa bibi yako.

Ukiwa unapika halafu ukasikia kichwa kinagonga, au miguu mizito, au kichefuchefu, usijilaze kwamba ni uchovu wa kazi. Toka nje hapohapo. Gonga mlango wa mwalimu mwenzako. Watu wengi wanaopatwa na hili wanajilaza kwanza.

Mtungi wa gesi. Nilikuuliza mwezi wa tatu kama umeununua, ukasema utanunua mwisho wa mwezi. Nilikukasirikia, na mbele ya mama yako nikasema Kabula ameanza kupata mshahara akasahau kujipangia. Leo nimepiga hesabu. Mwisho wa mwezi ule ulituma hela ya mabati. Ule uliofuata ukatuma ada ya Shija. Sikukuuliza umebaki na ngapi. Mabati yameezekwa, hayavuji, tunalala pakavu. Nimekutumia elfu 60 kwenye simu jioni hii, zile nilizokuwa nimemwahidi fundi wa choo, choo kitasubiri. Ni za mtungi wa kilo 6 na kichwa chake cha kupikia. Usizirudishe na usinunulie kitu kingine. Gesi nayo usifungie dirisha, lakini yenyewe ikivuja inanuka, inakuonya. Makaa hayakuonyi.

Mpaka mtungi ufike, jiko lilale nje. Pika kibarazani. Ukiona aibu ya kupikia nje mbele ya wazazi wa wanafunzi, ona aibu, kisha pika.

Hapa hatujambo. Mama yako dagaa wake wa Mwaloni wamemgeuka kidogo, mvua ya ghafla iliwakuta wakiwa kwenye chanja, gunia mbili zimekuwa chakula cha kuku. Hakulia, alinyamaza tu siku nzima. Mpigie. Usimwambie kwamba nimekuandikia habari ya Mabatini, nitamwambia mwenyewe. Mjomba wako wa Sengerema sasa anakuja kila wiki, tangu daraja la Kigongo-Busisi lianze kupitika hana tena kisingizio cha kivuko, na anakula kama mtu aliyesubiri miaka yote hiyo. Mbuzi yule mweusi amezaa mapacha. Shija anasema anataka kusoma umeme, mimi nataka aanze kwanza kuamka mapema. Luku inaisha kila baada ya siku nne na hakuna anayekiri kwamba anaacha taa ya stoo ikiwaka.

Mzigo unatoka Nyegezi kesho alfajiri. Kuna michembe ya viazi vitamu debe dogo, dagaa waliosalimika, karanga, na blanketi lingine, zito kuliko lile. Ndani ya blanketi kuna mfuko wa mbegu za giligilani, usiutupe pamoja na makaratasi. Utashushwa Makambako, ndugu wa mama yako ataupakia kwenye gari la kwenu. Barua hii nimeiweka juu kabisa uifikie kabla ya karanga.

Jumapili ijayo pika tena hiyo supu. Piga picha ukiwa umesimama kitandani, uelekeze mlangoni, mlango uwe wazi. Nataka kuliona jiko likiwa nje, hata kama supu yenyewe haitaonekana.

Baba yako