Kinyama cha msuli kikigandishwa vibaya, rangi haiokoi kitu

Ndugu Mhariri,

Ripoti ya kinyama cha msuli (kipande kidogo kinachokatwa kwa uchunguzi) inayoishia kwenye maneno "seli za kinga zimeonekana" ni nusu ya jibu, na daktari anayeipokea ana haki ya kudai nusu iliyobaki. Rangi ya kawaida ya hematoksilini na eosini huonyesha nyuzi zilizokufa, zilizosinyaa na seli zilizovamia. Haitenganishi vizuri magonjwa ya misuli yenyewe, na tiba zake hazifanani.

Kazi hiyo ya kuyatenganisha hufanywa na rangi za kingamwili, yaani zinazobebwa na kingamwili hadi kwenye protini fulani tu. Ya kwanza ni ya MHC-I, protini inayoionyesha kinga vipande vya protini vya ndani ya seli. Uzi wa msuli wenye afya haushiki rangi hii, ila vishipa vidogo vya damu kando yake hushika daima. Ndiyo maana msomaji makini wa slaidi huanza na vishipa: visiposhika, kipimo kimeharibika na jibu la "hasi" halina maana. Jibu "chanya" nalo lina mtego wake. Nyuzi zinazojijenga upya hushika MHC-I, na magonjwa ya kurithi, hasa ya upungufu wa disferlini (protini ya utando wa uzi wa msuli), yanaweza kuonyesha MHC-I na seli za kinga kwa pamoja. Mgonjwa wa namna hiyo huweza kumezeshwa steroidi, dawa za kutuliza kinga, miaka na miaka bila faida.

Kwa hiyo huongezwa rangi za MxA (protini inayochochewa na interferoni), C5b-9 (protini za kinga zinazotoboa seli), CD8 (alama ya limfosaiti zinazoua seli), CD68 (alama ya makrofaji, seli zinazokula mabaki) na p62 (protini inayojikusanya kwenye taka za seli). MxA ikijaa kwenye nyuzi za pembezoni mwa kifungu, hiyo ni dematomayositi (ugonjwa wa kinga unaoshika ngozi na misuli) karibu kwa hakika, ingawa isipoonekana haiufuti ugonjwa huo. C5b-9 kwenye utando wa nyuzi ambazo bado ni hai (uzi uliokufa hushika tu, usihesabiwe), huku nyuzi zilizokufa zimetawanyika na seli za CD68 ni nyingi kuliko limfosaiti, huelekeza kwenye mayopathi ya nekrosisi, ugonjwa wa kinga unaoua nyuzi za msuli. Hapo damu ipimwe kingamwili dhidi ya protini za HMGCR na SRP, na mgonjwa aulizwe kuhusu dawa za statini za kushusha kolesteroli. Seli za CD8 zikivamia nyuzi hai, p62 ikawa mabonge, na nyuzi kadhaa zikawa zimepoteza kimeng'enya cha COX, fikirieni mayositi ya inklusheni (uvimbe wa misuli wenye mabonge ya protini ndani ya nyuzi), ambayo kwa kawaida haisikii steroidi.

Lakini mengi huharibika kabla rangi haijafunguliwa. Msuli uchaguliwe ulio dhaifu kiasi, si uliokwisha kugeuka mafuta, wala si ule uliochomwa karibuni sindano za kipimo cha umeme. Hapo chukueni wa upande wa pili. Kipande cha urefu wa sentimita 1 na upana wa nusu yake kinatosha. Kifungwe kwa shashi iliyoloweshwa salaini (maji ya chumvi) kisha ikakamuliwa, kwa sababu kikiogelea hunyonya maji ambayo baadaye huganda kuwa chembe za barafu. Kikitumbukizwa chote kwenye fomalini, vipimo vya vimeng'enya, COX ikiwemo, havifanyiki tena.

Wakati wa kugandisha, kimiminika cha isopenteni kipozwe ndani ya naitrojeni ya kimiminika hadi punje nyeupe zianze kujitokeza chini ya kikombe, yaani karibu nyuzijoto −160 za Selsiasi, ndipo kipande kizamishwe kwa sekunde 10 hadi 20. Wanaoruka hatua hii na kukitia moja kwa moja kwenye naitrojeni hujikuta na slaidi iliyojaa matundu: gesi hukizunguka kipande kama blanketi, kikaganda polepole, barafu ikapasua nyuzi, na msomaji asiye na uzoefu akaandika kwamba ameona vakuoli, yaani vishimo vya ugonjwa ndani ya nyuzi. Baada ya hapo kukata mikroni 8 hadi 10 ni jambo rahisi.

Fomu ya maombi nayo iandikwe tarehe ya kuanza steroidi. Zikitangulia wiki kadhaa, seli za kinga huweza kupungua ilhali MHC-I bado ipo, na asiyejua tarehe hiyo atasoma slaidi kana kwamba ugonjwa ni mwepesi.

Wataalamu wa patholojia ya misuli