Risala ya Wagonjwa Waliopandikizwa Figo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Figo Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Madaktari bingwa na wauguzi wa figo,
Ndugu zetu mliotutolea figo,
Mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi leo. Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofanya upandikizaji wa kwanza nchini mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, Mtanzania hupandikizwa figo ya ndugu yake bila kulazimika kwenda India. Kwa hilo tunawashukuru sana madaktari wetu.

Hata hivyo, Mheshimiwa, wengi hudhani kuwa aliyetoka chumba cha upasuaji amemaliza matibabu. Mwili hauachi kuiona figo hiyo kuwa ngeni, na ndiyo maana wengi wetu tunameza takrolimasi kila baada ya saa 12, pamoja na dawa nyingine za kushusha kinga. Dawa ikipungua katika damu, mwili huishambulia figo. Ikizidi, dawa yenyewe huiumiza. Mashambulizi hayo mara nyingi hayana maumivu, hivyo mgonjwa hujiona mzima huku kreatinini, yaani taka ya mwili ambayo figo huiondoa kwenye damu, ikipanda. Kinga ikiwa chini, kifua kikuu nacho hutunyemelea, na rifampisini inayokitibu hushusha sana kiwango cha takrolimasi. Kwa hiyo tunaomba daktari yeyote asituanzishie dawa hiyo kabla ya kuwasiliana na kliniki ya figo.

Linalotuumiza zaidi ni hali ya wenzetu ambao figo zao zimeshindwa. Mwenzetu hurudi kwenye mashine ya kusafisha damu, mara nyingi siku tatu kwa wiki, akiona haya mbele ya ndugu aliyemtolea kiungo, ilhali figo inaweza kushindwa hata kwa mtu ambaye hakuwahi kukosa dozi. Wapo walioacha dawa zote siku hiyohiyo kwa kudhani hazina kazi tena. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta homa, maumivu penye figo ile na mkojo wenye damu, na mwili ukatengeneza kingamwili zinazofanya upandikizaji wa pili uwe mgumu. Kuendelea nazo zote nako huongeza hatari ya maambukizi. Uamuzi huo unamhitaji daktari bingwa, kwa kila mgonjwa na hali yake.

Mheshimiwa, tunaiomba Serikali isogeze kipimo cha kiwango cha takrolimasi hadi hospitali za rufaa za mikoa, na ihakikishe dawa hizi hazikatiki. Zaidi ya yote, tunaomba kliniki maalumu kwa wale ambao figo zao zinaelekea kushindwa, ili fistula ya mkononi, yaani mshipa unaounganishwa kwa upasuaji ili mashine ya kusafisha damu ipitishie damu hapo, ambayo huhitaji wiki kadhaa au hata miezi kukomaa, itengenezwe mapema, chanjo ya homa ya ini itolewe, na familia ianze kuzungumza kuhusu mtoaji mwingine mgonjwa angali na nguvu.

Tunaomba kuwasilisha.