Usishuke kwenye merikebu, mdogo wangu

Mdogo wangu, Bwana asifiwe.

Ile voisi yako ya usiku nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa na usingizi nikasema nitajibu kesho, ya pili nikalia, ya tatu ndo nikasikia vizuri ulichosema pale katikati, kwamba dunia imeshaharibika, watu wamekuwa wakali, kila ukishika simu ni vita na mauaji na watu kutukanana, kwahiyo umeamua ufunge mlango wako, usali, usome Neno, umngoje Yesu, mengine hayakuhusu. Ukamalizia "dada mimi sina cha kubadilisha hapa." Nimeona nikuandikie maana kwenye simu tungeishia kulia wote wawili, na naiweka hapa wazi bila jina lako kwa sababu hauko peke yako, mwaka huu nimeshaambiwa maneno hayohayo na watu zaidi ya mmoja.

Kwanza kuchoka sio dhambi. Eliya alichoka mpaka akaomba afe, na Mungu wala hakumgombeza, alimwacha alale, akamlisha, akamwacha alale tena (1 Wafalme 19). Kwahiyo kama unahitaji kuzima simu siku mbili tatu zima kabisa, pumzika. Ninachokataa ni hilo la "mengine hayanihusu", hapo ndo nataka tukae wote kidogo.

Fungua Matendo 27. Najua unaijua lakini isome polepole kama hujawahi kuiona. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi kwa Kaisari, yuko kwenye merikebu yenye watu 276, Luka katuandikia mpaka idadi, humo kuna askari, mabaharia, wafungwa wengine, na mwenye chombo. Aliwaonya mapema kwamba safari hii ina hasara, hawakumsikiliza, akida, yaani mkuu wa askari, akaona amwamini nahodha. Tufani ikaja. Siku nyingi hawakuona jua wala nyota, shehena imetupwa baharini, vyombo vya merikebu vimetupwa, na Luka ambaye ni mwamini kabisa anasema walifika mahali hawana tena tumaini la kuokoka, na anasema "sisi", hajitoi. Hata Paulo mwenyewe aliogopa, yaani hilo huwa tunalipita tu, maana malaika alipomjia usiku neno la kwanza lilikuwa "Usiogope, Paulo", na mtu ambaye haogopi hakuna haja ya kumwambia usiogope.

Sasa angalia alifanya nini na lile neno alilopewa. Hakukaa nalo kwenye kona yake. Alisimama katikati ya watu ambao wengi wao hata hawamjui Mungu wake, watu waliomdharau mwanzoni, akawaambia changamkeni, hakuna atakayepotea. Ikafika siku ya 14, kunakaribia kupambazuka, watu hawajala kitu kwa hofu, akawasihi wale, halafu akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akaumega, akaanza kula. Basi. Hakuhubiri saa nzima. Luka anasema wote wakachangamka, na wao wakala. Mimi hapo huwa napata machozi kila mara, kwamba mfungwa ndo anawatia moyo askari wanaomlinda, hana cheo chochote humo ndani, hana sauti kwenye maamuzi ya safari, alichonacho ni kwamba anamwamini Mungu na yuko kwenye chombo kimoja na wao.

Na kuna kipande kingine kabla ya hapo ambacho ndo kimenifanya niandike kichwa hicho hapo juu. Mabaharia walitaka kutoroka. Wakashusha mashua wakijifanya wanaenda kutia nanga upande wa mbele, kumbe wanataka kuwaacha wenzao, na hao ndo waliokuwa wanaijua kazi ya chombo! Paulo akamwambia akida, hawa wasipokaa humu ndani ninyi hamtaokoka. Mdogo wangu, wewe unajua kuomba. Wewe una huruma tangu ukiwa mtoto, wote nyumbani tunalijua hilo. Wewe ukimsikiliza mtu anatoka ametulia. Sasa katikati ya tufani hii wewe ndo unataka ushushe mashua usiku? Nasema hivi kwa upendo lakini nasema.

Tena hata walipofika nchi kavu Malta, mvua inanyesha na baridi, Paulo anaokota kuni za moto. Kuni! Mtume, mwenye nyaraka tunazozisoma mpaka leo, hakusema mimi nimeshatoa neno kutoka kwa malaika sasa zamu ya wengine.

Unakumbuka mama alipoumwa? Najua hupendi kuongelea lakini nivumilie. Unamkumbuka yule mama wa kanisani aliyekuwa anakuja kila wiki, anakaa usiku na mama ili sisi tulale, ndo aliyetuandikia saa za dawa kwenye karatasi tukaibandika ukutani, alikuwa anafua mashuka bila hata kuuliza yako wapi. Hakuwa muongeaji yule mama, mimi sikumbuki hata siku moja alituhubiria. Na kaka, ambaye wakati ule alikuwa hataki kusikia chochote cha kanisa, akaniuliza siku moja kwa sauti ya chini tukiwa mlangoni, "hivi huyu analipwa na nani?" Nikamwambia halipwi. Akanyamaza. Kaka hakurudi kanisani siku ile wala mwezi ule, sitaki nitie chumvi, lakini lile swali lilikaa naye na mpaka leo akiongelea imani lazima amtaje yule mama.

Petro aliandika tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atakayetuuliza habari za tumaini lililo ndani yetu, na akaongeza kwa upole na kwa hofu (1 Petro 3:15). Sisi tumeshika neno "kujibu", tunajibu hata ambao hawajauliza, tena bila huo upole, komenti kwa komenti mpaka usiku wa manane. Na wewe ulikuwa huko, nimeziona, na nafikiri sehemu kubwa ya uchovu wako imetokea hapo. Lakini Petro anasema atakayeuliza. Maana yake kuna kitu ameona kwako. Na waliokuwa wanaandikiwa hayo walikuwa watu wa kuteswa, sio watu waliotulia.

Swali kama la kaka lina historia ndefu. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu ya Rumi, Wakristo waliokataa wakafungwa, wengine wakafa. Kama miaka miwili baadaye tauni ikaingia Carthage, kaskazini mwa Afrika, watu wakawa wanakimbia ndugu zao wenyewe, maiti zinalala barabarani. Askofu wa hapo alikuwa Cyprian, na ye mwenyewe alilazimika kujificha kwenye yale mateso. Akawakusanya waumini akawaambia kuwapenda wa kwenu tu sio jambo la ajabu, watendeeni mema na wasio wa kwenu, yaani ni majirani walewale waliokuwa wanawashangilia Wakristo wakifungwa juzi tu! Na wakafanya, kila mtu kwa alichonacho, mwenye mali akatoa mali, asiye na mali akatoa nguvu za mikono yake. Cyprian hakulipwa wema kwa hilo, mwaka 258 alikatwa kichwa kwa ajili ya imani. Halafu zaidi ya miaka 100 baada ya ile tauni, karibu mwaka 362, Kaisari Julian aliyelelewa Mkristo akaiacha imani, anajaribu kurudisha miungu ya zamani, anamwandikia kuhani mmoja kule Galatia akilalamika kwamba ni aibu, hawa Wagalilaya (ndo alivyokuwa anatuita) wanawalisha maskini wao na maskini wetu pia. Huyo ni mtu anayeipinga imani na ndo ushuhuda aliotuachia.

Na isikufanye uone kwamba ni mambo ya maaskofu na makaisari. Kwenye vita kuu ya pili kulikuwa na kijiji Ufaransa kinaitwa Le Chambon-sur-Lignon, mchungaji wao André Trocmé alihubiri Juni 1940, siku moja tu baada ya nchi yao kusaini mkataba wa kusimamisha vita na Wajerumani, kwamba kazi ya Mkristo ni kuupinga ukatili kwa silaha za Roho. Mahubiri mazuri. Lakini mimi nampenda zaidi mke wake Magda, maana kwenye baridi ya miezi iliyofuata mwanamke Myahudi aliyekimbia Ujerumani aligonga mlango wao anatetemeka akiuliza kama anaweza kuingia, na Magda akamwambia ingia. Kijiji na vijiji vya jirani wakaja kuficha maelfu ya watu, wengi wao Wayahudi na wengi wao watoto. Ilianza na mtu kufungua mlango. Wewe unataka kuufunga.

Sasa kuna kitu nataka nikuambie ambacho sijawahi kukiandika popote. Ulisema huna cha kubadilisha. Mimi nilifikiri hivyohivyo kuhusu mimi, mpaka kipindi cha korona. Niliforwadi ujumbe kwenye grupu la familia, ule wa sauti ya mtu anayejiita daktari anasema watu wasiende hospitali, wakienda hawatoki. Sikuchunguza. Nilikuwa na hofu nikaisambaza hofu yangu na emoji ya mikono ya maombi. Shangazi akaacha kliniki ya presha, hatukujua, mpaka siku alipoanguka. Mungu alimrehemu akapona. Nilipomuuliza shangazi kwa nini uliamini, akaniambia "si ni wewe ndo ulituma, wewe mtu wa maombi." Mdogo wangu hilo neno liliniingia kama kisu. Kumbe ile imani yangu watu walikuwa wanaiangalia siku zote, walikuwa wanaegemea hapo hata nisipojua, na mimi nilichowapa siku hiyo ni uongo. Nilimwomba msamaha yeye, halafu nikaomba kwenye grupu mbele ya wote, na tangu siku hiyo kitu kikinijia cha kutisha nakaa nacho kwanza, nauliza kwa mtu anayejua, kama siwezi kuthibitisha kinaishia kwangu. Ni jambo dogo mno. Lakini kwenye grupu letu siku hizi mtu akituma kitu cha kushtua kuna wawili watatu wanauliza "hii imetoka wapi?" kabla ya kukisambaza, na shangazi ni mmojawapo.

Kwahiyo ushawishi unao tayari, hata ukijifungia. Ukinyamaza wanasoma ukimya wako. Hilo la ukimya nalo niliseme haraka, sikuambii uwe mpole mpaka usiseme ukweli, Paulo mwenyewe aliwaambia wazi mlipaswa kunisikiliza, palipo na uonevu sema ni uonevu. Ila alisema akiwa bado humo ndani na wao, na baada ya kusema akawasaidia.

Na usiniletee habari ya kwamba lazima uwe na furaha muda wote ndo uwe ushuhuda. Watu wanajua tabasamu la kulazimisha. Ukiwa umelia sema umelia, halafu sema unamtumaini nani.

Sasa nirudi kwenye voisi yako, dakika ya mwishomwisho, ulisema kitu ukakipita haraka. Yule jirani wa mlango wa pili, mumewe kaachishwa kazi, usiku unawasikia wanagombana, na watoto siku hizi hawatoki kucheza. Na mlishaacha kusalimiana tangu ile ishu ya maneno. Ulisema "hata yeye simuelewi siku hizi" ukahamia kwenye mambo ya dunia. Mimi nilirudisha hapo mara mbili. Dunia nzima huwezi kuibeba na hakuna aliyekutuma uibebe, ila huyo yuko ukuta mmoja na wewe.

Usiende na Biblia mkononi siku ya kwanza. Nenda tu msalimie, mwambie samahani kwa yale maneno, hata kama unaona yeye ndo aliyeanza. Muulize watoto hawajambo. Akitaka kuongea msikilize na usimpe ushauri, akikaa kimya kaa naye kidogo uondoke. Kesho nitafunga na kuomba kwa ajili yenu wawili mpaka jioni, kwahiyo nenda jioni ukitoka kazini. Ukirudi nipigie, hata kama hakukufungulia.

Dada yako.